Sponsa wa Okestra

Ombi la tatu ndilo lililonikosanisha na Mama Selo.

Mawili ya kwanza tuliyaandika kama watu wenye adabu zao. Tulisema sisi ni kundi la vijana 14 wa Kitengela na viunga vyake, wawili wanatoka Isinya, mmoja anapanda matatu kutoka mjini Kajiado kila Jumamosi, na tunapiga fidla, viola, filimbi mbili na selo moja. Tulitaja nyimbo tunazozipiga. Tukaomba pesa za nyuzi, za stendi za kuwekea karatasi za noti, na nauli ya yule wa Kajiado, maana kilomita kama 50 kuja na 50 kurudi kila wiki si mchezo. Ombi la kwanza halikujibiwa. La pili lilijibiwa kwa simu na bwana mmoja mpole sana, akauliza swali moja tu: "Hawa vijana ni wa mtaa gani wa mabanda?" Nikamwambia Kitengela si mtaa wa mabanda, ni mji. Akanyamaza kidogo. "Aa. Sawa. Tutawapigia."

Wewe ni Mkenya, unajua "tutawapigia" maana yake nini.

Basi ombi la tatu tukaingia na ujanja. Nilimpiga picha kijana wetu wa selo, wa miaka 15, amesimama na ala yake mbele ya ukuta wa mabati yaliyoota kutu. Mabati hayo si ya kwao, ni ya yadi ya vyuma vikuukuu. Chini ya picha nikaandika, kwa mkono wangu huu, kwamba muziki umemwokoa kutoka maisha ya mitaani. Huyu kijana hajawahi kuonekana mtaani isipokuwa ametumwa maziwa.

Faili likazunguka kwenye WhatsApp ya kundi, kama mafaili yanavyozunguka, likamfikia mama yake. Jioni hiyo simu yangu ikalia.

"Mwalimu, mwanangu ameokolewa na nani?"

"Mama Selo, hiyo ni lugha ya wafadhili tu. Ndivyo wanavyotaka."

"Mimi nauza mitumba, nyumba nalipa, karo nalipa. Hiyo selo yenyewe nilichanga nikachangisha na dada zangu. Sasa umeniandika kama sipo duniani."

"Pole, mama. Sikukusudia."

"Andika anajua kuicheza. Hiyo haitoshi?"

Haitoshi. Hilo ndilo jibu, na nililijua wakati huohuo nikashindwa kumwambia. Nilichokuwa sijui ni kwa nini haitoshi, na nimekuwa nikilichimbua tangu siku hiyo.

Tuanze na neno lenyewe. Kiingereza kikisema kampuni imekuwa sponsa wa okestra, wale walioko mezani wanatikisa vichwa kwa heshima. Sema hivyohivyo Kitengela kwenye steji uone watu watakavyocheka. Kwetu sponsa ni mzee mwenye kitambi na gari kubwa, analipia msichana nyumba Syokimau, na siku akichoka, nyumba inafungwa. Watoto wa mjini walipolichukua neno hili wakalipa maana hiyo hawakuwa wanafanya utani tu. Walielewa mkataba. Yeye anatoa doo, wewe unatoa kitu ambacho hakikuandikwa kwenye risiti, na ukubwa wa pesa hauamui mambo yatadumu muda gani.

Okestra inatoa nini kisichoandikwa kwenye risiti?

Kesi kubwa kuliko zote hapa kwetu ni ya Safaricom, na ni lazima niitendee haki kabla sijaichokonoa. Huko Korogocho, katika uwanja wa kanisa Katoliki la St John's, karibu kabisa na jaa la Dandora, kuna mradi unaoitwa Ghetto Classics. Uliasisiwa na Elizabeth Njoroge kupitia Art of Music Foundation, na umefundisha watoto wengi sana kupiga fidla, klarineti, tarumbeta. Mwaka 2014 Safaricom ikaanzisha tamasha la kimataifa la jazi, na mapato ya tiketi yakaelekezwa kwa mradi huo. Mwaka huohuo ikazaliwa Safaricom Youth Orchestra, inayolipiwa na Wakfu wa Safaricom, ikichanganya watoto wa matabaka mbalimbali. Mkuu wa kampuni wakati huo, Bob Collymore, mzaliwa wa Guyana, alikuwa mpenzi wa jazi na mwenyewe alikuwa akipuliza saksafoni. Hakuwa bosi wa kukata utepe na kuondoka. Kwa hiyo nikisema ninayosema hapa chini, isieleweke kwamba afadhali pesa zile zisingetolewa. Mimi ningezichukua. Ningezichukua leo kabla ya chakula cha mchana.

Lakini angalia majina. Moja lina neno "ghetto" mbele, jingine lina jina la kampuni ya simu mbele. Katika yote mawili muziki umekaa kiti cha nyuma. Sidhani kuna mtu alipanga hivyo kwa ubaya. Nadhani hizo ndizo njia mbili za pekee ambazo pesa ya kampuni inajua kuzipita ikienda kwa okestra nchini Kenya: njia ya huruma, au njia ya tangazo. Na nikikuambia imeandikwa kwenye sheria utadhani natia chumvi.

Fungua Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, jedwali la kwanza, aya ya 10. Taasisi ambazo kwa miaka na miaka zimesamehewa kodi chini ya aya hiyo ni zile zilizoundwa kwa ajili ya kuwaondolea watu umaskini au dhiki, kuendeleza dini, au kuendeleza elimu. Kanuni za mwaka 2007 zikaruhusu anayechangia taasisi za aina hiyo kuondoa mchango wake kwenye hesabu kabla ya kutozwa kodi. Soma tena orodha. Umaskini, dini, elimu. Sanaa haimo. Ni orodha tuliyorithi kwa Waingereza, na ilitengenezwa na majaji wao karne ya 19. Wao wenyewe, walipoandika upya sheria yao ya mashirika ya hisani mwaka 2006, wakaitaja sanaa kwa jina. Sisi tukabaki na nguo kuukuu ya mwenye nyumba baada ya mwenyewe kununua mpya.

Kwa hiyo mhasibu wa kampuni akiletewa ombi la okestra ana maswali mawili. Je, hawa ni maskini? Kama ndiyo, ni hisani. Je, nembo yetu itaonekana? Kama ndiyo, ni gharama ya matangazo, na hiyo nayo ni gharama ya biashara inayotolewa kabla ya kodi. Ombi linalosema tu "tunapiga vizuri, na tungependa kupiga vizuri zaidi" halina pa kuingizwa kwenye vitabu vyake. Bwana yule mpole aliyenipigia hakuwa na roho mbaya. Alikuwa anatafuta safu ya kuniandika.

Hapo ndipo Kitengela inapopotelea. Sensa ya 2019 iliuhesabia mji huu watu zaidi ya 154,000. Ni mji wa watu waliohama Nairobi kwa sababu ya kodi ya nyumba, waliouziwa ploti na mashangazi na machama, wanaonunua maji ya boza na kuamka saa kumi alfajiri ili wakwepe msongamano wa Mombasa Road. Si maskini wa kutosha kuonewa huruma. Si matajiri wa kutosha kununua meza kwenye dina ya hisani. Mtoto wa hapa anayetaka kupiga obo hana hadithi. Ana mzazi tu, anayelipa kidogokidogo.

Na hadithi ndiyo inayonunuliwa. Sasa nitasema lililonileta hasa, maana ukurasa huu ni wa uhakiki na mimi nadai kuwa mhakiki.

Nilienda kwenye tamasha moja la kampuni, Nairobi, okestra ya vijana. Sitaitaja, na haijalishi. Kwenye bango la nyuma nilihesabu nembo tisa. Emsii alishukuru wadhamini kwa muda mrefu kuliko ilivyochukua okestra kupiga wimbo wa kwanza. Halafu wakapiga sehemu ya pili ya simfoni ya 9 ya Dvořák, ile inayoitwa ya Dunia Mpya, ile sehemu ya taratibu ambayo hata kama hujui jina lake umewahi kuisikia. Wimbo wake mkuu uliandikiwa ala moja ya familia ya obo yenye sauti nzito na ya huzuni. Hawakuwa nayo. Ukapigwa na msichana mmoja kwa obo ya kawaida.

Alianza chini kidogo ya sauti, nusu ya unywele, ungeweza kuona bega la mwongozaji likikaza. Halafu akarekebisha akiwa ndani ya pumzi ileile, bila kusimama. Pale ambapo wengi huvuta pumzi mwishoni mwa mstari, yeye hakuvuta. Alipita moja kwa moja hadi kwenye mstari unaofuata akiwa amekaribia kuishiwa, na ile noti ya mwisho ikatoka nyembamba, kama mtu anayemaliza sentensi huku anaondoka. Sijui kama alikusudia. Mimi nilisikia kitu kipya katika wimbo nilioudhani nimeumaliza. Fidla za pili zilikuwa hovyo, hilo nalo liandikwe, zilikuwa zikikimbilia mlango kila sauti ilipopanda.

Kesho yake nikatafuta kilichoandikwa. Niliyoyapata yalihusu nyumba anayoishi yule msichana. Ina vyumba vingapi, wanalala wangapi, choo kiko wapi. Hakuna sentensi hata moja kuhusu ile pumzi. Msichana amefanya mbele ya watu mamia jambo ambalo mpigaji wa miaka 30 angejivunia, na kilichoandikwa ni choo.

Sisemi umaskini usitajwe. Nasema ukinunua hadithi ya umaskini hutahitaji kusikiliza. Hadithi inakamilika kabla ya noti ya kwanza: mtoto alikuwa kule, sasa yuko hapa, makofi. Akipiga vizuri, makofi. Akipiga vibaya, makofi yaleyale. Hakuna dharau kubwa kwa mwanamuziki kuliko makofi yasiyojali alichopiga. Kocha wa mpira wa miguu anayeshangilia mabao na matobo sawasawa angefukuzwa hata kwenye timu ya mtaa.

Kinachonichekesha ni kwamba simfoni hiyo nayo ina sponsa wake. Dvořák aliletwa New York mwaka 1892 na mama mmoja, Jeannette Thurber, mke wa mfanyabiashara wa jumla wa vyakula. Ndiyo, pesa za duka la chakula. Alimwahidi mshahara wa dola 15,000 kwa mwaka aongoze shule yake ya muziki, shule iliyokuwa ikipokea hata wanafunzi weusi wakati ambapo hilo halikuwa jambo la kawaida. Mwaka 1893 simfoni ikapigwa Carnegie Hall kwa mara ya kwanza. Mwaka huohuo uchumi wa Marekani ukaanguka, mali ya akina Thurber ikatikisika, mshahara wa mzee ukaanza kuchelewa. Mwaka 1895 akarudi kwao. Sponsa alikuja, akayumba, mambo yakaisha. Ila walioisikia simfoni ile walibishana magazetini kuhusu simfoni: inatoka wapi, ni ya nani, imefanya nini na nyimbo za watu weusi. Hakuna aliyewauliza wapiga fidla wamelala wapi.

Wenzetu wa Venezuela walijua mtego huu mapema wakaamua kuingia kwa macho makavu. José Antonio Abreu, aliyeanzisha El Sistema mwaka 1975, alikuwa mchumi pamoja na kuwa mwanamuziki. Badala ya kuchukua fedha za wizara ya utamaduni, alipeleka okestra zake chini ya wizara za huduma za jamii, kwa sababu huko ndiko pesa zilikokuwa na huko hazikukatwa kirahisi. Serikali zikapita, okestra zikabaki. Mtindo huo ukazunguka dunia, na ukiitazama miradi yetu utaona alama za vidole vyake. Bei yake ni kwamba kila okestra sasa lazima ithibitishe inatibu kitu. Wahakiki wa El Sistema wameuliza kwa ukali kama kweli inatibu. Mimi swali langu ni jingine: kwa nini mtoto wa tajiri akipiga fidla anasemekana ana kipaji, na mtoto wa Korogocho akipiga fidla anasemekana anapona?

Zaidi ya hapo, hadithi ya mtoto ina mwisho. Mtoto hukua. Akifika miaka 19, 20, ndevu zimeota, hapo ndipo mwanamuziki anaanza kuwa mwanamuziki, na hapohapo ndipo picha yake inapoacha kuuza. Hujawahi kuona bango la hisani lenye mwanaume wa miaka 34 mwenye fidla na deni la Fuliza. Nairobi Orchestra ipo tangu 1947, na hadi leo wapigaji wake wengi wana kazi nyingine za kuwalisha. Tunafadhili watoto wajifunze kazi ambayo wakubwa hawaajiriwi kuifanya. Na kazi yenyewe haishuki bei. Wachumi Baumol na Bowen walilieleza hilo mwaka 1966: kiwanda kinaweza kupata mashine ya kufanya kazi ya watu kumi, lakini wimbo wa Beethoven wa ala nne za nyuzi bado unataka watu wanne, dakika zilezile, kama enzi za Beethoven. Mishahara ya nje inapanda, ya kwao lazima ipande pia, na tiketi haziwezi kulipa yote. Hata okestra za Ulaya haziishi kwa tiketi. Kwa hiyo hakuna ujanja, lazima mtu alipe. Suala ni analipia nini, na kwa muda gani.

Hapa Kitengela tunao mfano wa mambo ya muda gani, na hauna fidla ndani yake. Nyanda hizi zilikuwa njia ya nyumbu na pundamilia wakitoka Mbuga ya Nairobi kwenda kusini kutafuta malisho, na kurudi. Mwaka 2000 ukaanzishwa mpango wa kuwalipa Wamaasai wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka, ili wasijenge uzio, wasichimbe mawe, wasiuze. Malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka yaangukie mwanzo wa muhula, yalipe karo. Ukifikiria, ni ufadhili wenye akili sana: unamlipa mtu ili kitu kiendelee kuwa wazi. Lakini ulitegemea wafadhili, na ulishindana na soko. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama thuluthi... hapana, ni kama sehemu ya nane ya ekari. Kwa hesabu hiyo wanyama walikuwa wakiilipia nusu dola kwa mwaka. Nenda leo uulizie bei ya ploti hiyo. Halafu panda juu ya paa la nyumba yoyote mjini hapa utazame kusini. Uzio, uzio, nyumba, uzio. Sisi tulio chini ya mapaa hayo, na mimi nikiwemo, ndio tulioshinda.

Nembo ya kampuni kwenye bango la okestra ni kama zile dola 4. Ni nzuri mwaka inapolipwa. Collymore aliaga dunia tarehe 1 Julai 2019. Watoto wa Korogocho wana bahati kwamba waliowafundisha walijenga kitu kisichosimama juu ya mapenzi ya mtu mmoja kwa saksafoni. Si kila kundi limejenga hivyo. Zanzibar, tamasha la Sauti za Busara lililoanza 2004 lilikuwa maarufu duniani, na bado mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Umaarufu haukusaidia.

Ajabu ni kwamba neno tunaloliita shirika la hisani la kampuni lina jibu ndani yake. Wakfu. Pwani wakfu ni kitu kizito. Mtu anatoa shamba la minazi, au nyumba ya kupangisha, kwa ajili ya msikiti. Tangu siku hiyo si lake, haliuzwi, halirithiwi, haliombwi upya kila bajeti. Nazi zinaanguka, taa za msikiti zinawaka, mwenye kutoa alishazikwa zamani. Tumelichukua neno hilo tukalibandika kwenye idara inayokaa kikao kila mwaka kuamua kama mwaka huu ni wa muziki au wa visima. Kama kuna kampuni inataka kweli kuwa na okestra, ijenge nyumba ya kupangisha hapa Kitengela, wapangaji hawakosekani, na kodi yake iende kwa wapigaji milele. Nyumba kumi za chumba kimoja zingetosha kundi letu. Ningeridhika hata nyumba zenyewe zikiitwa jina la kampuni.

Kuna namna nyingine nayo, ya kale zaidi kuliko mabango. Okestra ya kwanza kupata mdhamini mkubwa katika pwani hii haikuwa ya Safaricom. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala 1870 hadi 1888, aliwaleta wapigaji kutoka Misri na akamtuma Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kanuni. Taarabu ikaanza kama starehe ya kasri, ikatoka nje, na kufikia 1905 vijana wa mjini walikuwa wamejiundia klabu yao, Ikhwani Safaa, ambayo ipo hadi leo. Fidla, kanuni, udi, watu wengi jukwaani. Na kwenye taarabu kuna kutunza. Mwimbaji anafika kwenye mstari, mstari unamchoma mtu, mtu anainuka na noti mkononi, anatembea mbele ya watu wote, anaiweka. Tazama kinachotokea hapo: pesa imetoka kwa sababu sikio limefanya kazi. Huwezi kutunza mstari ambao hukuusikia.

Najua utaniambia kutunza hakununui kontrabesi. Kweli. Wala sitaki watu wainuke katikati ya Dvořák, ingawa nikifikiria vizuri, kwa nini nisitake? Kinshasa, okestra ya simfoni ya Kanisa la Kimbangu, iliyoanzishwa 1994 na Armand Diangienda, rubani aliyekuwa amepoteza kazi, ilianza na ala chache zilizopokezanwa, na waya wa breki ya baiskeli ukatumika kama uzi wa fidla. Hawakuwa na sponsa. Walikuwa na waumini. Wajerumani walipokuja kutengeneza filamu yao ya 2010, okestra ilikuwa imekaribia umri wa kupiga kura. Ilikuwa imekwisha kusikilizwa na watu wake kwanza, kwa miaka mingi, kabla haijahurumiwa na wageni.

Nimerudi kwa Mama Selo. Nilimpelekea soda na kuomba msamaha kama inavyopaswa, kibandani kwake, katikati ya wateja waliokuwa wakikung'uta sweta. Akasema, "Mwalimu, nilikasirika kwa sababu ni picha nzuri." Hilo sikulitegemea. Picha ilikuwa nzuri, akasema, mtoto ametoka kama mwanamuziki kabisa, ila maneno ya chini yalimfanya aone haya kuionyesha. Akaniuliza kama naweza kuikata mabati.

Tumeyakata. Ombi la nne lina picha ya kijana na selo, nyuma yake hakuna kitu. Chini tumeandika jina la wimbo na muda wake, dakika 6 na nusu. Hatukusema ameokolewa. Tumesema ana mkono mzuri wa kulia, kidole cha nne cha kushoto bado kivivu, na kwamba anahitaji mwalimu wa selo mara mbili kwa mwezi, ambaye anatoka Nairobi na anataka kulipwa. Tumeambatanisha sauti tuliyorekodi Jumamosi katika ukumbi wa kanisa tunaouazima. Dakika ya 2 fidla ya pili inaingia mapema, na dakika ya 4 boza la maji linapiga honi nje. Yule wa Kajiado alitaka turekodi upya. Muda ulikuwa umeisha, kwaya ilikuwa mlangoni ikisubiri ukumbi, na yeye alikuwa na matatu ya kukimbilia.

Tumelituma hivyohivyo.